Neno Nililolisikia Darajani

Siku mliyoniaga nikistaafu, mwenzenu Editha alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mzee Joakimu, tuandikie ulivyofanya kazi. Ukikaa nayo kichwani itaozea humo." Mkacheka, nami nikacheka. Nilidhani ningejaza kurasa mbili za spana na grisi nikamaliza. Nimeandika nikachana mara tatu. Kila nikifika mahali fulani kalamu inakataa. Safari hii nimeamua kupita palepale.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Viko kwenye faili langu, mwenye hamu akavisome huko.

Nilifika darajani nikitokea kwetu Runazi, Biharamulo, nimepakiwa juu ya magunia ya mahindi hadi Ngara mjini, na kutoka hapo kwa miguu na kwa huruma za watu. Daraja lilikuwa dogo kuliko nilivyolifikiria. Kwa kuwa huku ni Tanzania na ng'ambo ni Burundi, nilitegemea kitu cha kutisha. Nikakuta mihimili ya chuma, sakafu ya mbao, nguzo mbili ndani ya maji, na mstari mweupe uliopakwa rangi katikati. Huku kwetu, kule kwao.

Mnyapara wetu alikuwa Mzee Lukasi, Mhangaza, mwenyeji wa hapohapo Ngara, wa Murukulazo, mtu mfupi mwenye mikono iliyojaa makovu ya chuma.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Vizuri. Anayejua huzembea."

Akanipa nyundo ndogo na kuniamuru nigonge kila bolti kuanzia ukingo wetu hadi kwenye mstari mweupe. Nilidhani ananitania kwa ugeni wangu. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Bolti iliyokaza inaitika kwa sauti kali, iliyolegea inakohoa. Wiki nzima niligonga, naye akikaa ukingoni anakula muhogo wa kuchoma. Nikiipita iliyolegea aliinua kidole bila hata kugeuka. Leo mna vifaa vya kupimia, navyo ni vizuri, lakini gongeni hata hivyo.

Mzee Lukasi alikuwa na tabia moja ambayo wakubwa hawakuijua. Kila tukimaliza upande wetu, aliuvuka mstari akakaza bolti mbili za wenzetu. "Hizo ni salamu," alisema.

Mafundi wa ng'ambo walikuwa watatu, na kiongozi wao alikuwa Nestori, mrefu, mwembamba, mwenye kicheko kilichomtangulia njiani. Masika moja mto ulileta kisiwa kizima cha mafunjo, kikakwama kwenye nguzo, na juu yake alisimama mbuzi, hai kabisa, akitutazama kama mkaguzi kutoka wilayani. Tulikata mafunjo kwa mapanga tuliyoyafunga kwenye ncha za fito ndefu huku Mzee Lukasi na Nestori wakibishana mbuzi ni raia wa wapi. Mzee Lukasi alisema kwa Kihangaza kwamba miguu ya mbele imeshavuka mstari. Nestori akajibu kwa Kirundi kwamba mbuzi huhesabiwa kwa mkia. Mwishowe alitokea mama mmoja, kanga imelowa hadi kiunoni, akamchukua mbuzi wake bila kumuaga mtu.

Nilicheka siku hiyo, lakini nilicheka nimechelewa. Nilisubiri kwanza Mzee Lukasi anitafsirie utani wa Nestori kwa Kiswahili, ndipo nikacheka. Kuchelewa kucheka ni kazi ngumu kuliko kukata mafunjo. Niliifanya kwa miaka mingi, kwa sababu Kirundi nilikuwa nakijua kuliko nilivyojua Kiswahili.

Wazazi wangu ni watu wa Burundi. Walivuka wakikimbia kabla sijazaliwa, wakapewa shamba Runazi, wakalima maharage na mihogo, wakapata karatasi zao zote halali. Nyumbani tuliongea Kirundi. Nilizaliwa pacha, na kwa desturi ya kwetu pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi. Butoyi alikufa mdogo. Mimi nikabaki Bukuru nyumbani na Joakimu shuleni.

Siku ya kuandikishwa kazi, karani alinisomea fomu. Jina, mahali pa kuzaliwa, kabila. Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na jamaa wawili wakicheka kuhusu "wakimbizi wanaojipenyeza mpaka kwenye kazi za serikali". Hawakuwa wakinisema mimi, hawakunijua. Karani aliinua macho. Nikasema, "Msubi," kabila la wenyeji wa Biharamulo. Akaandika. Hakuna aliyenilazimisha, na baadaye niligundua kuwa hata ningesema ukweli ningepata kazi ileile. Lakini uongo ukishaandikwa kwenye fomu unahitaji kulishwa kila siku. Nikaulisha. Wenzangu walipouliza kama nasikia Kirundi, nilisema sisikii. Vipi Kihangaza, ambacho ni ndugu yake wa tumbo moja? Kidogo, nikasema, cha sokoni.

Mwaka wangu wa nne au wa tano, asubuhi, tulikuwa tunabadilisha mbao za sakafu karibu na mstari. Watu walipita kando, mmoja mmoja, wengi wao akina mama wenye mizigo kichwani. Mmoja alisimama. Alikuwa mzee, ana kikapu cha maparachichi, na alinitazama mpaka nikainua kichwa.

"Bukuru?" akasema kwa Kirundi. "Bukuru, mwanangu, ni wewe?"

Alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyerudi Burundi nikiwa mvulana. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Aliweka kikapu chini, akanyoosha mkono hadi kidevuni kwangu, akagusa kovu nililolipata nilipoanguka kwenye jiwe lake la kusagia. Wenzangu walikuwa wamesimama, nyundo mikononi.

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mama, umenifananisha."

Hakuelewa. Alirudia jina, akacheka kidogo, kama mtu anayedhani anataniwa. Nikarudi nyuma hatua moja. "Mama, mimi Kirundi sijui. Umenifananisha."

Mkono wake ulibaki hewani. Kisha akainama akachukua kikapu, akaondoka kuelekea upande wetu wa mpaka, Kabanga, alikokuwa anapeleka maparachichi. Jioni hakurudi kwa njia hiyo. Sikumwona tena. Nilipopata habari zake alikuwa ameshazikwa, na waliozika walikuwa majirani.

Tukarudi kwenye mbao. Mzee Lukasi alipigilia misumari kama minne. Halafu akasema, polepole, kwa Kiswahili, "Yule mama amefananisha hata kovu?" Nikachukua msumari mwingine, naye hakuuliza tena mpaka alipostaafu. Siku anaondoka alinipa mkono akanishika muda mrefu, nikajua anasubiri. Nikamtakia safari njema.

Sasa nafika pale kalamu inapokataa.

Mzee Lukasi alipoondoka, mimi ndiye niliyewekwa kuwa mnyapara. Miaka kadhaa baadaye nchi mbili zilikubaliana daraja litengenezwe kwa pamoja. Kati ya mhimili na nguzo huwa kuna kipande kinene cha mpira mgumu kinachobeba uzito na kuruhusu chuma kutanuka kwa jua. Mipira ile ilikuwa imechakaa. Kazi ilikuwa kuinua mhimili kwa jeki za mafuta, kutoa mpira wa zamani, kuweka mpya juu ya bamba la chuma, kisha kushusha. Inasikika rahisi, na mkifuata utaratibu ni rahisi kweli.

Tulikuwa tumebakiza nguzo ya upande wa Burundi. Nestori alikuwa chini, kwenye jukwaa la mbao tulilolifunga kichwani mwa nguzo. Mimi nilikuwa juu yake, kwenye pampu, mkono kwenye vali ya kushushia. Sikuweza kumwona, lakini hatukuachana zaidi ya urefu wa watu wawili. Pembeni yangu alisimama mhandisi wetu, kijana mpole aliyeletwa kwa kazi hiyo tu, hajawahi kufika mpakani. Mhandisi wa ng'ambo na mafundi wengine wawili wa kwao walikuwa wamekwenda kwenye kizuizi kuzungumza na maofisa, maana tulikuwa tumefunga njia tangu alfajiri na watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, mabasi, wagonjwa, akina mama na watoto juani. Vijana wetu Wahangaza nilikuwa nimewapeleka huko huko wakasaidie kuwazuia. Pale juu, kati ya mimi na mhandisi, aliyesikia Kirundi nilikuwa mimi peke yangu.

Nestori akapaza sauti kwa Kiswahili, "Tayari!" Mhandisi akainua mkono, tayari kutoa amri.

Hapo hapo sauti ya Nestori ikaja tena, ya haraka, ya mtu aliyeshtuka. "Rindira! Rindira! Ntumanure!"

Maana yake: Subiri. Subiri. Usishushe.

Mhandisi akanigeukia. "Anasema nini?"

Nimejiuliza mara nyingi nilifikiri nini wakati ule, na ukweli ni kwamba sikufikiri kitu. Jibu lilikuwa limekaa mdomoni kwangu kwa miaka mingi, limeshazoea njia. Likatoka lenyewe.

"Sijui, Mhandisi. Mimi Kirundi sijui."

"Labda anasema yuko tayari. Amesema tayari sasa hivi."

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema, "Tumuulize kwanza." Maneno mawili ya Kiswahili, hayahitaji kabila. Lakini nilihisi kwamba nikisema hata hayo, mhandisi ataniuliza nimejuaje. Watu kwenye kizuizi walikuwa wanapiga kelele.

"Shusha taratibu," akasema.

Nikafungua vali nusu mzunguko.

Mhimili ulishuka kiasi cha unene wa kidole. Kiasi hicho kilitosha. Bamba la chuma lilikuwa limehama kidogo, naye Nestori aliliona baada ya kusema tayari, akaingiza mkono wa kulia kulirudisha mahali pake, huku akituomba tusubiri. Nilisikia mlio ambao sitauandika. Nikapampu kurudisha juu kwa nguvu zangu zote, nikilia, na nikiwa nalia nilikuwa namwita kwa Kiswahili. Hata wakati ule.

Mkono ulikatwa juu kidogo ya kiganja, hospitalini kwao.

Uchunguzi ulifanyika. Watu wa pande zote walikuja, wakakaa chini ya turubai, wakaniuliza kwa heshima. Niliandika maelezo kwa mkono wangu: "Fundi aliongea kwa lugha ambayo sikuielewa." Nikatia sahihi. Mhandisi kijana aliandika kwamba alinitegemea mimi kama mwenyeji na mwenye uzoefu, na kwamba hanilaumu. Ripoti ikasema chanzo ni tofauti ya lugha. Mzee wangu Lukasi, aliponitembelea akiwa tayari anatembea kwa fimbo, alikuwa ameshasomewa ripoti na mtu mwingine. Alinisalimia, akanywa maji, akaondoka. Hakuulizia daraja.

Ile filimbi mnayoitumia, mara moja kuinua, mara mbili kushusha, mara tatu kila kitu kisimame, ilitokana na ripoti hiyo. Mimi ndiye niliyeipendekeza, kwa sababu ilibidi nipendekeze kitu. Siku ya kuagwa Editha alisema filimbi ya Mzee Joakimu imeokoa watu, nanyi mkapiga makofi mpaka vigae vikatikisika. Nilisimama nikainamisha kichwa. Mlidhani ni unyenyekevu.

Wiki moja baada ya makofi yenu nilivuka. Nilipita darajani kama abiria, nikachukua pikipiki ng'ambo, nikaulizia kwa Nestori, kwa Kirundi. Kilitoka na kutu, lakini kilitoka. Wakanielekeza kwenye kilima, nyumba yenye migomba na ukuta uliosilibwa vizuri. Nestori alikuwa amekaa nje anapukuchua mahindi, hindi amelibana chini ya kile kigutu cha mkono, anapukuchua kwa mkono wa kushoto, haraka kuliko mimi mwenye miwili. Mkewe, mama mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Fundi Joakimu!" Nestori akaita kwa Kiswahili, kicheko kikatangulia kama zamani. "Karibu! Karibu sana! Unaona Kiswahili changu sasa?"

Kweli kilikuwa kimekuwa kizuri, safi, cha shuleni. Nikakisifu, maana sikujua pa kuanzia.

"Nilijifunza," akasema. "Baada ya mkono nilijilaumu sana. Nilisema, Nestori, mjinga wewe, neno moja tu, 'subiri', ungekuwa na mkono wako. Umefanya kazi na Watanzania miaka yote, umeshindwa kukumbuka neno moja! Nikajifunza mpaka nikaota kwa Kiswahili. Watoto wangu wote wanakijua. Niliwakazania. Mdogo aliwahi kulia kwamba namchosha. Nikamwonyesha huu." Akainua kigutu. "Nikamwambia, soma, usije ukapotea kama baba yako kwa kukosa neno."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Nikapiga magoti pale kwenye maganda ya mahindi, nikamwambia kwa Kirundi. Nilimwambia naitwa Bukuru, wazazi wangu walitoka huku, nilimsikia. Nilimwambia alichosema, neno kwa neno, na kwamba niliulizwa anasema nini nikasema sijui.

Nestori aliacha kupukuchua. Alitazama hindi lililo chini ya kigutu chake kama limewekwa pale na mtu mwingine. Kicheko kilikuwa kimeondoka usoni, na nikaona jinsi alivyozeeka. Kisha alisema, kwa Kirundi, "Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Mara ya kwanza, au ya pili?"

"Ya kwanza."

Akaweka hindi chini. "Mimi nilimchapa mwanangu kwa sababu ya neno ambalo ulilisikia."

Nilitaka aniambie niondoke, ingekuwa rahisi. Badala yake akamgeukia mkewe, ambaye alikuwa ameacha maharage tangu nilipoanza kuongea. "Umesikia?" akamuuliza. Mkewe akaitikia kwa kichwa. "Basi watoto wakija Jumapili, utawaambia wewe. Mimi sitaweza." Akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, si kwa hasira.

Ndiyo maana nawaandikia. Ripoti iliyo ofisini kwenu ina maelezo yangu ya uongo, na nimeomba kwa barua yarekebishwe. Sijajibiwa. Mkiwa mnasubiri, kumbukeni hili moja: mtu aliye chini ya mzigo akipaza sauti, kwa lugha yoyote, hata kama ni kikohozi, mkono utoke kwenye vali. Maana yake mtaiuliza baadaye.

Siku ile nilibaki nimepiga magoti mbele ya mlango uliofungwa. Mke wa Nestori alinitazama. Aliniuliza maswali mawili tu.

"Hicho Kirundi ulifundishwa na nani?"

"Na mama yangu," nikasema. "Na shangazi."

"Wako hai?"

"Hapana."

Akavuta ungo, akaanza tena kuchambua maharage, moja moja, akitupa mabovu pembeni. "Afadhali," akasema.